Glasi Juu ya Dashibodi

Shemeji yangu, fundi magari, tulimbandika jina la Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno analoiambia injini inayotetemeka. "Injini haifungwi," hupenda kusema, "inakalishwa." Mafundi wengine wakiona gari linatikisika hukaza bolti mpaka zilie. Yeye hufungua raba zinazobeba injini, huzichonga, huzilaza mshazari, kisha huweka glasi ya maji juu ya dashibodi. Maji yakitulia, kazi imekwisha.

Lakini kinyozi hajinyoi. Basi lake dogo kuukuu, alilong'oa viti ili abebee vipuri, lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Hatukujali, mpaka dada yangu, mkewe, alipougua mifupa ya mgongo. Safari ya kwanza ya hospitali alilia njia nzima. Ya pili akagoma.

"Nitafia hapa hapa kitandani kwangu. Sitikiswi tena."

Daktari alishatuambia: akikosa matibabu, mwezi hauishi naye.

Tulia alifunga gereji siku nne. Alikata raba laini, akazitoboa matundu, akazijaribu, akazitupa, akaanza upya. Mimi sina subira, nilimfokea, "Shemeji, mgonjwa hangoji raba!" Akachukua raba nyingine. Dada ndiye aliyemtetea kutoka dirishani, sauti imemwisha: "Miaka ishirini anabembeleza injini za watu. Leo zamu yangu, mwacheni."

Siku ya tano tukamlaza nyuma, juu ya godoro. Hakutaka mtu wa kumshika. Hata kuguswa kulimuuma. Tulia akaendesha, nami nikakaa pembeni yake nikitazama glasi. Maji hayakucheza. Nyuma hakukusikika mguno hata mmoja.

"Amelala," Tulia akaninong'oneza, macho yanamng'aa. "Umeona? Amelala!"

Nami, mjinga, nikampa mkono wa pongezi.

Kwenye geti la hospitali akazima injini, akazunguka kufungua mlango wa nyuma. "Mama, tumefika." Aliita mara tatu. Dada alikuwa ameshapoa mikono. Njia nzima hakuna aliyegeuka kumtazama, na hilo sijajisamehe.

Tulia bado anafanya kazi. Glasi haitumii tena. Akimaliza gari hunikalisha nyuma, tunazunguka mtaa, na kila baada ya muda mfupi anauliza, "Upo?"

"Nipo, shemeji."

Gari likiwa kimya sana, anauliza mara mbili.