Koti la Bisibisi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anaitwa Bisibisi. Jina lake halisi lipo, na ni zuri, lakini hata anayeleta maji ya kunywa huuliza nyumba ya Bisibisi. Hataji jina la mume wangu, ambalo liko mlangoni kwa herufi za shaba. Nilishazoea. Jina hilo alilipata kwenye kiwanda cha nguo, alikokuwa fundi wa cherehani tangu usichana wake mpaka akawa fundi mkuu. Bisibisi ndogo yenye mpini mwekundu haikutoka kwenye mfuko wake wa kifuani, na ulimi wake ulifanya kazi hiyo hiyo: ukilegea, anakukaza.

Ninaandika habari zake kwa sababu mtaani zinasemwa kombo. Wapo wanaodai alimnyima binti wa watu kazi ili ampenyeze mpwa wake. Mpwa wake angekuwa mwanangu, na wanangu wote wana kazi zao, za kusomea. Alilofanya alilifanya, na sitalipunguza. Lakini basi lisemwe kama lilivyokuwa.

Alipostaafu alihamia kwangu. Kila asubuhi aliamka saa ya zamu, akaoga, akakaa sebuleni wima kama anayesubiri gari la kazini. Gari lisipokuja akaanza kukaza vitu. Alikaza vishikio vya makabati, akakaza miguu ya meza, akakaza bawaba mpaka mlango wa jikoni ukagoma kufunguka na chai ikanywewa saa nne.

"Wifi," nilimwambia, "nyumba hii ilikuwa haijalegea. Tafuta shughuli."

Shughuli ikaja na miguu yake. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho mambo ya kazini: kufika kwa wakati, kujieleza, kupokea maelekezo bila kununa. Wanafunzi hao walijua kuifungua cherehani yote na kuirudisha bila skrubu kubaki mezani, ila mgeni akiwauliza swali wanatazama sakafu. Kile kiwanda cha wifi kilikuwa kimeahidi kuja kuwasaili wanaomaliza. Mwalimu alitaka mtu wa kuigiza bosi, wafanye mazoezi kabla ya siku yenyewe.

"Tafadhali usiwaonee huruma, mama," alisema.

"Huruma? Mwanangu, hiyo sikuwahi kupewa hata kiwandani, na kule tuligawiwa kila kitu."

Siku ya mazoezi alitoka chumbani amevaa koti la kiwanda, la buluu, limepigwa pasi, jina la kiwanda limetariziwa kifuani. Nilishtuka. Anayestaafu hurudisha koti.

"Si ulisema umelirudisha?"

"Nilisema nitalirudisha."

"Wifi, hilo si vazi lako tena."

"Ni la leo tu. Nikienda na gauni wataniona bibi yao. Nikienda na hili wataogopa kidogo, na woga ndio mazoezi yenyewe." Akajitazama kwenye kioo cha ukumbini, akaweka bisibisi mfukoni, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu astaafu.

Yaliyotokea darasani nimeyasikia kwake na kwa mwalimu, na hayapishani. Aliketi nyuma ya meza mbili zilizounganishwa. Wanafunzi walipanga viti ukutani, na kiti kimoja kikawekwa katikati kwa ajili ya anayeulizwa. Aliingia kijana mwenye miwani ya jua juu ya kichwa.

"Hayo macho ya juu yanaangalia nini? Dari inavuja?"

Darasa likacheka. Akaja mwingine, akaulizwa udhaifu wake ni upi. Akajibu kama alivyokariri: "Udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi."

"Basi utatumalizia umeme. Anayefuata!"

Wakacheka tena, na wifi, kwa maneno yake mwenyewe, akanoga. Ilikuwa muda mrefu hajaitwa bosi.

Ndipo akaingia binti mmoja aliyechelewa, binti wa mama mpiga pasi. Mwalimu anasema ndiye mwenye mikono mizuri kuliko wote darasani. Cherehani ikiruka mishono, wenzake humwita yeye kabla ya kumwita mwalimu. Aliliona lile koti, akasimama kidogo mlangoni, kisha akaja kuketi kwenye kile kiti cha katikati.

"Kwa nini tukuajiri?"

Binti akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa siri: "Kwa sababu nahitaji kazi."

"Na mimi nahitaji meno mapya. Nikuajiri uwe unanitafunia?"

Kicheko kikalipuka. Binti akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema basi! Au unadhani kule kwenye kelele za mashine tutakusoma midomo?"

Binti akatazama sakafu.

"Nenda, binti. Kiwanda chetu hakina nafasi ya mtu wa kunong'ona."

Binti akasimama, akafuta viganja kwenye sketi yake, akasema, "Asante, bosi," akachukua mkoba, akatoka nje. Darasa zima likapiga makofi. Wote waliona ameigiza kuliko wengine.

Jioni wifi alitusimulia mezani, mimi na mwanangu mdogo aliyekuwa amekuja kunijulia hali, na la meno tulilicheka mpaka mwanangu akapaliwa na chai.

Wiki iliyofuata mwalimu alikuja tena, safari hii bila tabasamu. Yule binti alikuwa hajaonekana chuoni tangu siku ile. Kiwanda kingefika kesho yake, majina ya watakaosailiwa yalishapelekwa, na la kwake halikuwemo kwa sababu alimtuma mwenzake aseme liondolewe.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Anasema yeye ameshakataliwa." Mwalimu aligeuza kikombe chake kwenye kisahani. "Nilipotangaza mazoezi hakuwepo, alikuwa akimsaidia mama yake. Siku yenyewe akachelewa, akakuta tumeanza. Aliona koti. Alidhani ndio kiwanda, na mwenzake alipomwambia ni mazoezi hakuamini."

Wifi alikuwa ameshika kifuniko cha birika, anakikaza. Akakiweka chini. Alikiacha hapo mpaka mwalimu akaaga.

Mimi ndiye niliyeanza. "Mwalimu atamweleza. Yeye ndiye aliyepanga, na yeye ndiye aliyekwambia usiwaonee huruma. Hakuna haja ya sisi kwenda kusimama vibarazani kwa watu. Tunajulikana."

"Wifi, jina la nyumba hii halikukaa nyuma ya ile meza. Nilikaa mimi."

"Ulikuwa unaigiza."

"Wakati wa kuwauliza, ndiyo. Nilipomwambia aende, nilikuwa sijali tena kama anajifunza. Nilikuwa nasikiliza wanavyocheka." Akainuka. "Na lile koti sikulivaa kwa ajili ya woga wao. Nililivaa kwa ajili yangu."

Nilijifunga kitambaa changu kizuri, nikafuatana naye. Kama ni aibu, afadhali iwe na shahidi mwenye adabu.

Mama mpiga pasi ana chumba kimoja kinachoangalia barabara, kina meza ndefu yenye blanketi juu na kamba za nguo zilizoning'inizwa mpaka mlangoni. Mvuke ulitupokea. Mama alikuwa akikunja mashuka. Binti alikuwa kwenye pasi, ametupa mgongo.

"Hodi hapa," alisema wifi.

"Karibuni. Nguo ziko wapi?"

"Hatukuleta nguo. Mimi ndiye niliyekuwa chuoni siku ile."

Mama akaacha shuka. "Ahaa! Kumbe ndiye wewe, mwenye kiwanda chako! Umekuja kusikia kama bado ananong'ona?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Omba. Tunasikiliza. Ila usinong'one, humu mna kelele za pasi."

Nilihisi masikio yakiwaka moto. Wifi alianza, lakini nilivyomsikia sikuamini ni yeye. Alisema kulikuwa na kutoelewana. Alisema mazoezi ya namna ile huwa makali kidogo, na kwamba mwalimu angetangaza vizuri zaidi, na kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. Zilikuwa sentensi ndefu na laini, na nadhani baadhi alizichukua kwangu. Binti alimsikiliza kwa heshima, akasema, "Haina shida, bosi," kisha akageukia pasi yake. Ilikuwa wazi hajaamini hata nusu yake.

Hapo akaingia mteja, bwana mwenye haraka, kufuata shati lake. Binti akalichukua kwenye kamba, akalitandaza mezani badala ya kulikunja.

"Baba, nimeliunguza shati lako," alisema. Hakunong'ona. "Hapa, chini ya kola. Pasi ilikuwa moto sana, na sikuijaribu kwanza kwenye kitambaa. Nimeitoa alama karibu yote, lakini ukiangalia utaiona. Leo hulipi. Ukiniachia mpaka jioni nitaigeuza kola, upande wa ndani uje nje, na hakuna atakayejua."

Bwana akaliinua shati kwenye mwanga, akasonya, akalitazama tena. "Utaigeuza wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Na jioni litakuwa tayari."

"Jioni basi. Ukichelewa nitakuja na mke wangu, na huyo hanyamazi."

"Mwambie karibu, nitampigia pasi na gauni lake."

Bwana akatoka akicheka. Binti akaliweka shati pembeni. Wifi alikuwa amesimama katikati ya nguo za watu, macho kwenye ile kola.

"Mwanangu," alisema taratibu, "niruhusu nirudie."

Binti akaiweka pasi wima.

"Mimi si bosi. Nimestaafu. Lile koti nilitakiwa kulirudisha, nikalificha. Nilikuchekea mbele ya wenzako kwa sababu nilifurahia kuchekesha, kisha nikakufukuza kwa jina la kiwanda ambacho hakikunituma. Kosa ni langu, si la mwalimu. Sasa hivi nakwenda kiwandani kulisema hilo na kuomba jina lako lirudi. Wakikataa, nitakuja kukwambia mwenyewe."

Mama akarudia mashuka yake. Binti akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kwa hiyo majibu yangu yalikuwa sawa?"

"Hapana," wifi akasema. "Yalikuwa mabaya sana."

Nikamfinya. Hakujali.

"Yalikuwa mabaya, na kazi yangu ilikuwa kukwambia kwa nini, nikuachie urudie. Wote wanahitaji kazi. Hilo bosi analijua kabla hujakaa. Mwambie kitu asichokijua. Wakikuuliza kwa nini wakuajiri, waeleze ulivyomweleza huyu bwana wa shati. Nini kiliharibika, ulifanya nini, utafanya nini. Nimesimamia mafundi miaka yote, na wengi wao walinificha mashine iliyovunjika mpaka mwenyewe nikanusa moshi."

"Nikae nikiwaambia makosa yangu?" Binti alimtazama moja kwa moja, nadhani kwa mara ya kwanza. "Watanichukua kweli?"

"Sijui. Watakusikiliza. Mimi sikukusikiliza."

Tulipitia nyumbani kuchukua koti. Alilikunja mwenyewe, akatoa bisibisi mfukoni, akaiacha juu ya kabati. Nilimsihi tulitie kwenye mfuko wa karatasi, watu wasilione njiani. Alilibeba mkononi, jina la kiwanda likiwa juu.

Mlinzi wa geti alimpokea kwa kelele. "Bisibisi! Umerudi kazini? Mashine zimekulilia!"

"Nimerudi kurudisha mali ya wizi, baba. Niitie mkubwa wa ajira."

Mkubwa wa ajira alikuwa kijana aliyewahi kuwa chini yake kwenye karakana kabla hajaenda kusomea ofisi. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya mafundi wakuu wa zamani, na wifi alikuwa wa pili kutoka kushoto. Alisimama akitazamana na picha yake mwenyewe, akaliweka koti mezani, akarudia aliyoyasema kwenye chumba cha pasi, kwa mpangilio ule ule. Hakuongeza la kujitetea. Mimi nilitazama zulia.

"Mama," kijana alisema, "unajua ningeweza kukuandikia barua ya onyo, kama ungekuwa bado wetu?"

"Ungeandika, na ningesaini."

"Unataka nimpe kazi huyo binti?"

"La. Nataka asikilizwe. Kazi ataipata au ataikosa kwa mdomo wake, si kwa wangu."

Akalitia koti kwenye droo. "Aje kesho, awe wa mwisho. Na wewe usikanyage chuoni kesho."

Hakukanyaga. Alishinda jikoni kwangu, akailegeza ile bawaba aliyoikaza, mlango ukafunguka kama zamani. Alasiri mwalimu alipita. Binti alikuwa amewasimulia wasaili habari za kola, na mmoja wao alimuuliza kama hakuogopa mteja angemkasirikia. Alijibu kwamba aliogopa, lakini mteja angekasirika zaidi akiiona alama akiwa harusini. Wamemchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Kazi ya kudumu bado haina uhakika.

Chuo kimemwita wifi tena, naye anakwenda. Huvaa gauni. Kabla ya swali la kwanza huwaambia kwamba yeye ni mtu wa mtaani, hana kazi ya kumpa yeyote wala ya kumnyima, na hamruhusu mtu kutoka mpaka arudie jibu lililomshinda. Mwalimu anasema vicheko vimepungua na darasa limekuwa refu mno. Ile bisibisi bado iko juu ya kabati. Nilipomuuliza kama niipeleke chumbani kwake alisema iache.

Binti hupita mbele ya nyumba yetu akitoka zamu, amevaa koti la buluu, jipya, mikono imemzidi urefu. Akimkuta wifi barazani husimama.

"Shikamoo, bosi!" Sauti yake siku hizi hufika mpaka jikoni.

Hasemi kwa kejeli, ndivyo alivyomzoea. Lakini kila mara wifi huinamisha kichwa kana kwamba ameguswa jeraha, na hujibu salamu kwanza, kama adabu inavyotaka.

"Marahaba, mwanangu. Mimi si bosi."

"Najua," binti husema, na hukunja mikono ya koti lake, akaendelea na njia.