Mistari Inayofanana

Kazi yangu ni kutunza tovuti. Nikisema hivyo nyumbani Migwani, shangazi zangu huelewa kwamba ninatengeneza simu, na kila Krismasi mimi hukaribishwa kwa simu tatu nne zilizokufa, zimefungwa kwenye leso, kila moja na historia ya ugonjwa wake. Nilishachoka kueleza. Siku hizi nazibeba tu, nampelekea fundi wa sokoni, na sifa napewa mimi.

Ofisi yetu iko Wote, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Ni wakfu mdogo unaosomesha vijana wa Kitui na Makueni kwenye vyuo vya uuguzi na ufundi. Tuna tovuti sita, na zote zimo ndani ya mfumo mmoja mkubwa ambao wafadhili walituchagulia, mfumo wa aina inayotumiwa na mabenki na mashirika ya ndege. Kwetu sisi, watu saba na birika moja la chai, ilikuwa ni kuletewa trekta ya kulima kitalu cha sukuma wiki. Na mfumo wenyewe haukutaka mzaha. Ukurasa haukuweza kuonekana na umma mpaka upite mikono mitatu: mwandishi aandike, mhakiki akague, mkubwa aidhinishe. Aliyebuni utaratibu huo alikuwa na akili zake, maana jicho moja likisinzia kuna mengine mawili.

Kwetu macho yote matatu yalikuwa yangu. Mhakiki aliacha kazi akaenda kulima machungwa, nafasi yake haikujazwa, nikarithi nywila yake. Nywila ya mkubwa wetu, mama wa makamo ambaye pia ni mzee wa kanisa, alinipa mwenyewe, ameiandika nyuma ya ratiba ya kwaya.

"Wewe ingia tu uweke approve," aliniambia. "Mimi hizo vitu za mashine zinaniumanga kichwa."

Basi nikawa naandika kama mimi, natoka, naingia kama mhakiki, natoka tena, naingia kama mkubwa, najikubalia kazi yangu mwenyewe kabla chai haijapoa. Sikuona ubaya wowote. Niliona hata naokoa muda wa watu.

Nina hasira za karibu, nakiri, na hakuna kinachonipandisha kama uchafu wa maandishi. Watu huniletea tangazo lililopigwa picha likiwa limelala mapajani mwa mtu. Huniletea orodha yenye majina mengine kwa herufi kubwa na mengine kwa ndogo, na jina la kijiji limeandikwa pale penye kuulizwa jinsia. Lakini ule mfumo ulikuwa na kipengele cha kusafisha orodha, nami nilikipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu. Unapakia jedwali, mfumo unapitia kila mstari, na ukikuta miwili iliyo sawa unakuuliza: Mistari hii inafanana. Ondoa mmoja? Mimi nabonyeza ndiyo. Miaka minne nilibonyeza ndiyo, na kila wafadhili walipokuja, kurasa zetu zilisifiwa kwa usafi, nami nikitazama chini kama bibi harusi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya orodha ya wanafunzi wa uuguzi, watakaosoma katika chuo kimoja mjini Kitui. Jedwali lilinifikia na namba za vyeti vya kuzaliwa. Kwa kuwa haturuhusiwi kuzitangaza, niliziondoa kwanza, ndipo nikapakia. Mfumo ukauliza swali lake mara moja tu: majina matatu sawa, kata moja, shule moja ya sekondari, kozi moja. Nilicheka peke yangu. Nilisema hawa watu wa kuandika orodha wanasinzia kweli, mpaka mtu mmoja wanamwandika mara mbili. Nikabonyeza.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku moja kabla ya siku ya mwisho ya wanafunzi kuripoti chuoni, mzee mmoja alipanda ngazi zetu akiwa ameshika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Alikuwa ametoka huko ndani, kupita Mutomo, na alikuwa amelala njiani. Alivua kofia mlangoni. Nilimsalimia kwa Kikamba akafurahi, akaketi, lakini chai alikataa.

"Nyumbani tumefunga," alisema. "Tunaomba. Sasa mimi siwezi kunywa chai na mwaitu hajakula."

Mwaitu, kwa Kikamba, ni kusema mama yangu. Nilidhani ana mama mzee mgonjwa. Kumbe alikuwa anasema binti yake.

Alitoa vyeti viwili vya kuzaliwa mfukoni akavilaza mezani pangu, akavinyoosha kwa kiganja. Majina matatu, yale yale, juu ya vyote viwili. Kimoja cha binti yake, kingine cha binti ya kaka yake. Wote wawili waliomba nafasi, wote wawili waliambiwa kwenye mahojiano kwamba wamepita, na walipoenda saiba, duka la intaneti, kuangalia list wakakuta jina limeandikwa mara moja.

"Madam, mimi sikuja kugombana," alisema. "Kaka yangu anasema ni wake, mke wangu anasema ni wetu. Hata kanisani sasa wanakaa mbali mbali. Wewe niambie tu ni gani. Hata kama si wangu. Tukijua, tutanyamaza."

Mimi ni Mkamba, sikuokotwa. Huku kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, ndiyo maana baba humwita mama. Ndugu wawili wakioa na kila mmoja akazaa msichana, bibi hupata wajina wawili, na kama alibatizwa, hilo la ubatizo nalo hurithiwa, na la babu linafuata nyuma. Kwetu Migwani tuko watano. Akiita mtu uani jina langu, tunaitika watano, mmoja wetu akiwa bado ananyonya. Nimeishi na jambo hilo tangu nizaliwe, na bado nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikamcheka mwandishi wa orodha.

Nilifungua historia ya ukurasa. Mfumo ule hausahau kirahisi: ulionyesha mstari ulioondolewa, na chini yake saa. Saa tatu na dakika nne, mwandishi, mimi. Saa tatu na dakika sita, mhakiki, mimi. Saa tatu na dakika saba, mkubwa, mimi. Yule msichana alifutwa na watu watatu kwa dakika tatu, na wote walikuwa wamevaa sweta hii hii yangu.

Mzee alikuwa ananitazama usoni. Nilifungua mdomo, nikajisikia nikisema, "Mzee, ni system. System ilikuwa na shida."

"Aa. System," alisema, akatikisa kichwa polepole kwa heshima, vile mtu hutikisa akiambiwa mapenzi ya Mungu. Hakuuliza zaidi. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hakuuliza zaidi. Nilimwambia wasichana wote wawili walichaguliwa na kwamba nitarekebisha. Akafumba macho akashukuru, akashuka kungoja chini, akaketi juu ya gunia kwenye kivuli cha duka la mbegu.

Kurudisha mstari kulinichukua dakika moja. Lakini chuo hakikuwa kimengoja. Kilikuwa kimehesabu majina kwenye ukurasa wetu, kikaona pengo moja, kikamwita msichana wa kwanza kwenye orodha ya akiba, naye alikuwa ameshafika na godoro lake. Nilimpigia simu mkuu wa chuo. Ni mwanamke asiyepoteza maneno.

"System ilifuta?" alisema. "System ni nani? Ako na kitambulisho? Kitanda naweza tafuta. Lakini bodi wataona nimeongeza mtu wangu mlango wa nyuma. Niletee barua. Nani alifuta, lini, na alifutia nini. Na sahihi. Kesho kabla ya saa kumi na moja, la sivyo huyo mtoto angoje mwaka ujao, na mwaka ujao sijui kama mtakuwa na pesa yake."

Niliandika barua ile mara mbili. Ya kwanza ilisema "hitilafu ilitokea" na haikusema ilitokea mikononi mwa nani. Ilikuwa Kiswahili kizuri sana. Nikaifuta, nikaandika ya pili: kwamba mashine iliniuliza, kwamba nilijibu ndiyo bila kuangalia vyeti, kwamba nilikagua na kuidhinisha mwenyewe kwa nywila zisizo zangu. Nikampelekea mkubwa.

Aliisoma akasimama akafunga mlango. "Dada, hii utatuua nayo. Wafadhili watauliza password yangu ilikufikia aje. Mimi nimebakisha miaka miwili nistaafu. Andika tu ni system. Hiyo kila mtu anaelewa."

"Chuo kimekataa system."

"Basi wacha tuombee weekend hii, Jumatatu tuone."

"Mwisho ni kesho, madam."

Mimi pia niliogopa, sitajifanya shujaa. Mama yangu anakunywa dawa za presha kila siku, na zinatoka kwenye kazi hii. Nilienda dirishani. Mzee alikuwa pale pale juu ya gunia, midomo mikavu, mwenye duka anampa soda naye anaisukuma nyuma kwa upole. Kuna mtu mwingine alikuwa hajala, mbali huko, akingoja niseme neno. Nilirudi nikapiga sahihi mbele ya mkubwa. Alilia kidogo, kisha akachukua kalamu, na chini ya jina langu akaandika lake, kwamba nywila alitoa yeye. Nilikuwa nimemdharau kwa miaka, na siku hiyo nilijionea aibu.

Nilishuka nikamwambia mzee ukweli. Nilimwambia si system, ni mimi. Alivaa kofia yake.

"Haya," alisema. "Sasa naweza kunywa hiyo soda?"

Ijumaa nilipeleka barua Kitui kwa mikono yangu. Mkuu wa chuo aliisoma akiwa amesimama, akaigonga muhuri, akasema kitanda kiko karibu na choo lakini ni kitanda. Msichana alikuwa langoni na sanduku la bati lililoandikwa jina la mtu mwingine kwa rangi, pengine la kuazima. Mwembamba, mrefu kuliko baba yake. Binamu yake, aliyekuwa ameripoti asubuhi hiyo kwa lile jina moja lililotangazwa, alitoka mbio mabwenini, na kwa sekunde chache hawakujua kama wakumbatiane, kwa sababu ya maneno ya wazazi wao. Halafu wakakumbatiana.

Nilimpa nakala yake ya barua. Wengi wangeikunja wakaitia mfukoni. Yeye aliisoma pale pale, juani, kidole kikifuata mstari.

"Madam," alisema, "hapa umeandika mashine ilikuuliza, wewe ukasema ndiyo."

"Ndiyo. Nisamehe sana."

"Nimekusamehe. Ilikuuliza juu yangu peke yangu?"

"Mwaka huu, peke yako."

"Na hiyo miaka ingine?"

Hakuwa amekasirika, alikuwa anafikiri, na angekuwa amekasirika ningeweza kukasirika pia.

"Kuna msichana kwa upande wa mama yangu," alisema. "Alikuwa amenishinda sana darasani. Aliambiwa amepita, na hakuona jina. Tulisema ni Mungu hajataka." Akainua sanduku lake upande mmoja, binamu akashika upande wa pili, wakaingia.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wengine. Nilikuwa nimeshaamua nitafanya nini: nitafungua historia ya kila mwaka, nitatafuta kila mstari nilioondoa, nitawafuata mmoja mmoja. Lakini mfumo unahifadhi historia ya mwaka mmoja tu, yaliyozidi hapo hujifuta. Majedwali yenye namba za vyeti niliyateketeza mwenyewe kila mwisho wa mwaka, kama sheria ya faragha inavyotaka, na nilikuwa mwangalifu sana kwa hilo.

Zilizobaki ni orodha zenyewe, zile zilizotangazwa. Nilizifungua zote, mwaka baada ya mwaka, nikazisoma kuanzia juu hadi chini. Watoto wa Kitui na Makueni, kila mmoja na jina la bibi au la babu, na katika orodha zote zile hakuna jina lililojirudia hata moja.