Mpaka Rangi Aliyegoma Mbele ya Fremu Nzuri

Saa moja na nusu asubuhi. Mpaka rangi wa karakana ya baiskeli ameinamia fremu iliyobanwa kwenye jiriwa. Anasugua kitambaa chenye mafuta ya taa pale bomba la kiti linapoungana na bomba la juu. Anafuta mpaka pakauke. Kisha anapaka chaki iliyosagwa hapo hapo kwa brashi na kurudi nyuma hatua moja.

"Sasa tunasubiri," anasema. "Msinisemeshe."

Saa tatu mnunuzi anakuja kuitazama fremu hii, na ikimpendeza ataagiza baiskeli mia nne. Meneja ameshatangaza mbele ya wote: ikifika saa hiyo fremu haijapakwa rangi na kutoka kwenye tanuri, mpaka rangi akatafute kazi kwingine.

Dakika ya tatu, juu ya weupe wa chaki, mafuta yaliyopenya ndani ya chuma yanaanza kutokeza. Unajichora mstari mweusi, mwembamba kama unywele, urefu wake kama ukucha wa kidole gumba.

"Haya, mgeni wa kwanza kafika," anasema. Ni ufa.

Ana miaka arobaini na sita, kumi na minane kati yake ameimaliza hapa. Wenzake humwita Mama Mistari kwa sababu ya ule mstari anaouchora kwa mkono kwenye ubavu wa kila fremu, bila rula, bila kutetemeka. Hupaka fremu kumi na nne kwa siku. Anacholipwa kwa fremu moja hakinunui hata tairi moja ya baiskeli hiyo hiyo.

Zinazotoka zaidi siku hizi ni zile wanazoziita chotara: nyepesi kama baiskeli ya lami, tairi pana kidogo za kuhimili mashimo, usukani ulionyooka ili mtu akae wima na afike kazini shati likiwa safi. Mabomba membamba, waya zimefichwa ndani, rangi isiyopiga kelele.

"Baiskeli nzuri unaiona inakwenda hata ikiwa imeegemezwa ukutani," anasema Mama Mistari. "Hilo ndilo ninalolitafuta. Lakini uzuri una wenyewe, na wenyewe wana haraka."

Haraka hiyo imekuja na mtindo wa kuficha maungio. Wanunuzi wanataka fremu ionekane imemiminwa kwenye kalibu moja. Kwa hiyo mchomeleaji akimaliza, mshono husagwa kwa mashine mpaka ulingane na bomba.

"Yale mawimbi ya mshono ndiyo nguvu yenyewe," anasema mchomeleaji, mzee wa maneno machache. "Ukiyasaga yapendeze, umesaga nyama. Tulisema. Tukaambiwa sisi mafundi, tusijifanye wahandisi."

Meneja anaingia saa mbili kasorobo, anakuta fremu bado tupu.

"Chaki ya nini? Hapa shuleni?"

"Ni ufa, bosi."

"Mkwaruzo huo. Pitisha msasa, piga rangi mara mbili, bluu iliyokolea. Hata wewe hutauona."

"Mimi nimeshauona."

"Mama Mistari, usinipandishe presha asubuhi hii. Nani amewahi kuumia kwa baiskeli ya hapa?"

Kwenye meza ya kuunganisha gia, mwanamke anaweka spana chini. Ni wifi yake Mama Mistari, mke wa kaka yake. Anainua mkono wa kulia. Unafika usawa wa bega na kukwama.

"Mwisho wa reli ndio hapo," anasema. "Niupandishe zaidi, bosi, au umeridhika?"

Miaka sita iliyopita alinunua chotara ya hapa hapa. Akiteremka mlima, fremu ikakatika kwenye maungio, naye akavunjika mfupa wa bega. Ripoti ya kampuni ilikuwa na maneno matatu: mwendeshaji alizidisha mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa mkoba wa nguo. Aliyeiandika alipandishwa cheo. Aliyevunjika alirudishwa kwenye meza ile ile.

Mama Mistari anamgeukia, brashi bado mkononi.

"Wifi, ule ufa wa fremu yako niliuona."

Wifi anaushusha mkono.

"Niliambiwa nipige rangi mara mbili, nikapiga tatu. Sikujua kama wewe ndiye utakayeinunua."

"Miaka sita unanipikia kila Jumapili," anasema wifi. "Nikadhani unanipenda."

"Nakupenda."

"Hebu nyamaza kwanza."

Meneja ananyoosha mkono kuifuta chaki. Wifi anamwahi. Kwa mkono wake mzima anaigeuza fremu ufa uangalie mlangoni, kisha anasimama kati ya fremu na meneja. Mchomeleaji anazima mashine, anakuja kusimama kando yake.

"Aje auone," anasema wifi.

Mnunuzi alifika saa tatu na dakika tano. Aliinama, akauliza ziko ngapi za namna hii. Meneja akajibu ni moja tu. "Hatujui," alisema mchomeleaji. "Hatujawahi kuruhusiwa kupima." Mnunuzi akaondoka bila kuagiza.

Mama Mistari aliambiwa achukue mkoba wake aende. Mashine zote zikazimwa. Watu tisa wakakaa sakafuni, wakaandika juu ya katoni dai moja: fremu isipakwe rangi kabla ya chaki. Kufikia adhuhuri meneja alikuwa amebadili kauli: watu warudi kazini, mengine Jumatatu. Mpaka tunaandika haya, Jumatatu haijafika, na Mama Mistari hajui kama ana kazi.

Ana mpango lakini. Anataka kubuni chotara yenye mishono isiyosagwa, mawimbi yake yaonekane wazi kama mshono wa koti lililoshonwa vizuri.

Na wifi je, amemsamehe?

"Hajasema," anajibu. "Ameniambia nimtengenezee baiskeli. Rangi atachagua mwenyewe, na kwenye maungio nisiweke rangi yoyote. Anataka awe anayaona kila siku kabla hajapanda."