Siku Niliyomtaja Jilo Majini

Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi, amalize, kisha atege sikio. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la mnazi.

Ilikuwa likizo ndefu ya shule, miaka ile ya hamsini. Nilitoka Malindi nikapelekwa Garsen kujifunza kazi kwa dresa wa zahanati, kwa kuwa nilikwisha kuwatangazia watu wote nyumbani kwamba nitakuwa daktari. Masomo yangu yalikuwa madogo, lakini ndoto haiulizi uko darasa gani. Kutwa nilichemsha sindano, nikaosha vidonda, nikajifunza kupima homa kwa kiganja kabla ya kugusa kipimo. Dresa alisema mkono wangu una huruma. Nilivimba kichwa wiki nzima!

Rafiki yangu pale alikuwa Jilo, kijana wa Kipokomo aliyeendesha mtumbwi wa zahanati. Mamake alikuwa mjane, na shamba lao la migomba lilikuwa ng'ambo ya mto. Jilo asipovuka, mama hali. Jumamosi hatukuwa na kazi, tulishuka na mto asubuhi kutembea, leo Wema, juma lijalo Ngao, tukila samaki wa kuchoma na kuwachungulia wasichana wakitoka kufanya mazoezi ya kuimba kanisani. Siku hizo zilikuwa tamu, niamini.

Siku ya kwanza tu Jilo alinipa mwiko wa wavushaji wa pale. Majini mtu hatajwi jina. Anayekaa mbele ni Wa Mbele, wa nyuma ni Wa Nyuma, basi.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mto una masikio, Dokta. Ukilipata jina la mtu hauliachi."

"Na mimi je, ukinitaja?"

"Lako la Malindi, mto wetu hautaliweza. Lakini mimi ukinitaja, nakutosa kwa mamba kwanza, ndipo tuzungumze."

Tukacheka. Nilidhani mwiko ni kama somo la hesabu, ukishalijua umelijua.

Jumamosi moja tulikuwa tunarudi kutoka Wema. Tukaegesha ng'ambo, chini ya shamba lao, Jilo akapanda kumkatia mamake mkungu wa ndizi. Mimi nikabaki mtumbwini. Kulikuwa na kimya kile cha adhuhuri, hata ndege wamenyamaza. Nilipoinua macho nikamwona mwanamke amesimama ukingoni, mtoto mgongoni, kafunikwa gubigubi.

"Mwanangu, nivushe. Mtoto ana homa, nampeleka kwa dresa."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemwambia angoje ndizi zikatwe? Kafi nilikuwa nimeshajua kulipiga kidogo. Nikaona nitamvusha na kurudi kabla Jilo hajamaliza. Akaingia, akakaa mbele yangu, akanipa mgongo. Sasa sikia. Mtumbwi haukutikisika. Mtu mzima na mtoto wake, na mtumbwi haukuzama hata unene wa kidole! Niliona, lakini akili yangu ilikuwa kwenye homa.

Tulipofika katikati akaniuliza kwa upole, kama jirani, bila kugeuka, "Mwenzako yule wa shambani anaitwaje?"

Nikajibu kwa kujivuna, "Wa Nyuma."

Akacheka kidogo. "Mamake hakumpa hilo."

"Huku majini ndilo lake, mama," nikasema. Nami nikacheka, nikijiona mwerevu.

Kisha nikakumbuka udaktari wangu. Nikalaza kafi magotini, nikainua nguo iliyomfunika mtoto, nikapeleka kiganja nimpime. Palikuwa baridi kama tope la chini ya mtungi. Nikapapasa nikitafuta paji la uso. Nikashuka nikitafuta macho, nikatafuta pua. Nikazungusha mkono upande wa pili. Kisogo. Kila upande ulikuwa kisogo.

Haki ya Mungu, sikumwita Mungu wala sikumwita mama yangu. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Jilo! Jiloo! Njoo, Jilo!"

Mara tatu. Yule mwanamke akageuka polepole. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, mzuri hata, na hilo ndilo linalonigutusha usingizini mpaka leo.

"Ahsante, mwanangu," akasema. Akasimama, akashuka katikati ya mto kama mtu anavyoshuka kizingiti cha mlango. Maji hayakuruka.

Sijui nilirudije ukingoni. Jilo alikuwa amesimama pale, mkungu umemwanguka miguuni. Hakunitukana. Laiti angenitukana!

"Umenitaja," alisema.

"Nisamehe, ndugu yangu. Niliogopa."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akaketi kwenye matope, na suruali yake ile ya Jumamosi.

Kesho yake adhuhuri alikuja mbio nilipokuwa. "Umeniita?" Sikuwa nimemwita. Siku ya pili akaja amelowa mpaka magotini. Siku ya tatu mpaka kifuani, macho kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Mimi na dresa tukamshika mikono.

"Unaniita kutoka mtoni," aliniambia akilia. "Ni sauti yako hasa, Dokta. Inaogopa. Inasema njoo. Sasa nitakuachaje?"

Waliofukiza ubani wakafukiza, waliosali wakasali. Haikukoma. Mwishowe mamake akamfungia nguo zake, akampandisha lori la Kilifi, akafanye kazi kwenye mashamba ya mkonge, mbali na mto ule. Shamba la ng'ambo likaota magugu. Mama yule hakunilaani. Nilipoondoka alinipa ndizi za njiani alizoomba kwa majirani, na sikuweza kuzila.

Nimemtembelea Jilo mara nyingi. Hatukugombana kamwe. Lakini nikipiga hodi, namsikia akiuliza, "Ni wewe, au ni ile?" Nasema ni mimi. Hajibu, maana ile sauti nayo ndivyo isemavyo. Hungoja mkewe atoke anione kwanza.

Basi wewe uendaye ugenini, wenyeji wakikupa mwiko, usiutie kichwani tu ukadhani umemaliza. Uzoeshe ulimi wako. Siku ya hofu akili haitakuwapo, utabaki wewe na ulimi, na ulimi ukiogopa humwita unayempenda.