Niliandika barua za bure mjini Baraka wakati wa vita, na kazi yangu ikasimama

Heshima kwenu wakuu, popote mlipo.

Juzi mdau mmoja humu aliuliza kama freelancer Mkristo anaweza kutoa huduma bure na bado watoto wake wakala. Nikaona nisimjibu kwa mistari miwili. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni wa Baraka, Fizi, mashariki ya Kongo. Wakati wa vita nilikuwa napiga chapa kwa mashine, nje ya kanisa letu. Sina bureau, yaani ofisi, sina bosi. Meza, kiti, na karatasi zikipatikana. Maombi ya kazi, attestation (vyeti) za shule, chochote mteja anachotaka.

(Herufi R ilikuwa imekatika, kwa hiyo kila R niliijaza kwa kalamu. Mcheke tu.)

Vita ilipotawanya watu, wengi walianza kuja wakitaka barua za kutafuta ndugu zao. Walikuwa wamekimbia mikono mitupu. Nikaamua mbele za Mungu: barua ya kumtafuta mtu silipishi. Nyingine zote nalipisha.

Mume wangu akaniuliza, "Sasa tutakula makaratasi?" Kuna siku tulikula sombe, majani ya muhogo, bila bugali.

Basi asubuhi moja akaja baba mmoja wa milimani, mfugaji, msemaji wa Kinyarwanda. Miaka ile watu wa kwao walihesabiwa upande wa adui, na mmoja wao kusimama Baraka mchana ilikuwa hatari kwake, na kwa atakayemsaidia pia. Alikaa mbali na foleni, kofia mkononi.

"Mama, natafuta bibi yangu na batoto betu babili. Tulipotezana njiani. Nasikia biko Bujumbura, kwa kanisa."

Foleni yote ikamgeukia. Mama Riziki, jirani yangu aliyekuwa kwenye foleni, alikuwa amechomewa nyumba, na kijana wake alipotea wakati wa kukimbia. Akajitokeza mbele.

"Mama Furaha, ukimuandikia huyu, mi sirudi tena hapa."

Wakuu, niliogopa. Niliomba kimoyomoyo, maneno mawili tu: Yesu, nisaidie. Kisha nikamwambia yule baba, "Keti."

Mama Riziki akaondoka, na wengine nyuma yake. Karibu wiki mbili sikupata mteja. Barua yenyewe ilibaki kwenye mkoba wangu, maana hakuna msafiri aliyekubali kuibeba hadi Bujumbura.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mama Riziki akanijia. Hakunisalimu.

"Kila nikisali Baba Yetu, nafika pa kusamehe, ulimi unakwama. Lete ile barua. Ndugu yangu anapanda boti ya Uvira, toka pale ataifikisha Bujumbura."

Nikaitoa mkobani, nikampa.

Watu wakaanza kurudi mezani. Habari ikaenea kwamba yule mama wa mashine habagui mtu, wala hasemi siri ya barua ya mtu. Hospitali moja upande wa Nundu wakaanza kunipa ripoti zao nichape. Kazi hiyo ndiyo ilisomesha watoto wangu. Hadi leo najitegemea, sasa kwa laptop, na anayetafuta mtu wake bado simlipishi.

Somo nililopata: ukarimu haukunipa wateja siku ileile. Kwanza uliwafukuza. Mungu akawarudisha kwa njia yake, na namshukuru.

Ila ninachokumbuka zaidi ni siku majibu yalipofika kutoka Bujumbura. Yule baba hakujua kusoma, nikamsomea mimi. Mke wake mzima, watoto wote wawili wazima. Akaomba nisome tena. Nikasoma mara ya pili, na ya tatu.

Mama Riziki alikuwa ameketi pembeni. Kijana wake hajapatikana mpaka leo. Nikaanza kuikunja ile barua, akanishika mkono.

"Soma tena," akasema. "Na mi nasikia."

Wakuu, nanyi mnaoishi kwa kazi za mikono yenu, imani imewahi kuwagharimu mteja? Wekeni hapa chini, nitasoma zote.