Coleta na Vidonge vya Dukani

Coleta wa kijiji cha Pito kichwa kilimuuma mwaka mzima, hata palizi ya ulezi ikamshinda. Basi akaenda mjini, akamkuta daktari Leonardi akifuata somo la maumivu ya kichwa kwenye intaneti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe bado unasoma?" Akaukumbatia mkoba wake.

"Bado. Unatumia dawa?"

"Situmii."

"Na vidonge vya dukani?"

"Hivyo nameza kila siku. Dawa si ile ya hospitali?"

"Mama, hivyo ndivyo vinavyokuumiza sasa. Viache. Mwanzoni kichwa kitauma zaidi, kisha kitapoa."

"Zaidi?" Coleta akaikazia macho kompyuta. "Hiyo ndiyo iliyokwambia?"

Akatoa pakiti ya vidonge mkobani, akaiweka mezani shingo upande. "Kisipopoa, nahamia hapa, huyo mwalimu wako anijibu mwenyewe."