Makofi ya Watalii

Luhende wa Kishapu alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma. Kila baada ya mavuno ya pamba alishindana na kundi pinzani. Kwetu mashindano hayana refa: makundi mawili hucheza uwanja mmoja, na linalochosha watu huachwa peke yake na vumbi lake. Kwa miaka kumi Luhende hakuwahi kuachwa.

Mwaka 1975 bwana mmoja wa utalii, suti na miwani tu, akamleta Shinyanga mjini na kundi lake acheze mbele ya wazungu waliokuwa njiani kwenda kutazama simba. Akamvua shati, akamvika ngozi ambayo hata baba yake hakuwahi kuivaa. Wazungu wakapiga makofi ngoma haijachanganya. Mchezaji mmoja akajikwaa, wakapiga makofi. Luhende akasimamisha ngoma, akaketi chini kuchokoa mwiba mguuni. Wakapiga makofi, na picha juu.

“Twendeni nyumbani,” akawaambia wenzake. “Hawa hata ng'ombe akikojoa watamshangilia.”

Bwana wa utalii akawatafsiria wageni kwamba manju anawashukuru sana.

Wakapiga makofi.